Jedwali Safi, Mipaka Imeachwa: Tathmini ya Huduma ya Kusaka Nyaraka za Ardhi, Mji wa Kale

Mwezi wa Shaaban uliopita nililipa shilingi 7,500 katika ofisi moja ndogo ya Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu, ambayo kazi yake ni kutafuta, kunakili na kufasiri nyaraka za ardhi za enzi za ukoloni kwa niaba ya watu wasio na muda wa kuzitafuta wala macho ya kuzisoma. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ni ofisi ya watu wawili na baadhi ya nitakayosema si ya kuwapendeza. Hata hivyo, atakayetaka kutoa pesa zake kwa huduma ya namna hii, iwe kwao au kwingine, atafaidika kujua mapema ni nini hasa anachouziwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, na sikwenda kwa ajili ya kesi. Mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukikusanya habari za jinsi watu walivyoikalia ng'ambo ya Kisauni: tangu ilipokuwa mashamba ya watu wa kisiwani waliovuka kwa mashua kwenda kuyaangalia, kupitia ujio wa watumwa walioachwa huru na kuwekwa katika kituo cha misheni cha Frere Town mwaka 1875, hadi wapima ardhi wa serikali walipopita na minyororo yao wakaigawa nchi hiyo katika sehemu zenye namba za Kirumi, ambazo mpaka leo zimo katika hatimiliki zetu baada ya herufi MN, yaani Mainland North, bara ya kaskazini. Swali letu lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu, nalo ni nani aliyekuwa akiishi wapi kabla ya hati.

Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya ngazi za mbao ambazo mtu wa umri wangu huzipanda kwa kushika ukuta. Ndani mna meza mbili, feni, skana, kabati la chuma na, ukutani, jedwali la kubadilisha miaka ya Hijria kuwa ya Miladi, lililochakaa pembeni kwa kuguswaguswa. Kijana ndiye anayeshughulikia kompyuta na mapokezi. Mtu wa makamo, ambaye wateja wote humwita Maalim, ndiye anayesoma hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ziwe za Kiarabu chenyewe au za Kiswahili. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa kahawa chungu na kipande cha kashata kabla ya kuulizwa shida yangu. Fomu niliyojaza ilikuwa ya ukurasa mmoja: mahali, kipindi cha miaka, majina yanayotafutwa, na sababu ya kutafuta. Kwenye sababu palikuwa na visanduku vitatu tu, yaani mirathi, kesi na mauzo. Nilichora cha nne kwa kalamu nikaandika «historia», na kijana akacheka kwa adabu.

Jambo la kwanza la kuwasifu ni uwazi wao. Kijana alinieleza bila kuulizwa kwamba hawana karatasi asili hata moja na kwamba hawajifanyi kuwa nazo. Walicho nacho ni nakala: matoleo ya Gazeti Rasmi tangu la kwanza la mwaka 1899, lilipokuwa likitolewa hapahapa Mombasa kabla makao makuu ya utawala hayajahamia Nairobi mwaka 1905, picha za mafaili ya Nyaraka za Taifa yenye alama za PC/COAST na DC/MSA, yaani ya mkuu wa mkoa na ya mkuu wa wilaya, nakala za barua zilizoandikwa kati ya gavana na Wizara ya Makoloni, ambazo asili zake zimehifadhiwa Kew, London, katika mfululizo wa CO 533, pamoja na hati za familia ambazo wateja wa awali waliruhusu zinakiliwe. Kisichokuwamo katika kabati lao hukifuata kwa ada ya ziada, ama katika masjala ya ardhi ama Nairobi, na risiti ya kila safari huambatanishwa.

Kila ripoti huja na utangulizi wa kurasa mbili unaoeleza kwa nini pwani ina karatasi nyingi za aina hii kuliko bara, na nakiri kwamba umeandikwa vizuri kuliko vitabu kadhaa nilivyofundishia. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kwa jina kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hata baada ya Uingereza kutangaza himaya yake tarehe 1 Julai 1895. Uingereza iliushika kwa mkataba, ikimlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na sheria ya Kiislamu pamoja na makadhi vikabaki na nafasi yake. Kwa hiyo serikali haikuweza kuihesabu ardhi yote kuwa ya Ufalme kwa urahisi ule ilioutumia bara kwa sheria za mwaka 1902 na 1915. Ilibidi kwanza iulize nani ana nini. Ndipo ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyoweka afisa wa kusikiliza madai, Mrekodi wa Hati, ambaye kila mwenye kudai shamba, nyumba au rehani alitakiwa kumpelekea dai lake na ushahidi wake. Aliyethibitisha alipewa hati, na ardhi ambayo haikudaiwa na yeyote ikahesabiwa kuwa ya Ufalme. Mtu aliyekuwa akiishi mahali tangu babu yake, lakini hakujua kwamba pana fomu ya kujaza, au alichukuliwa na maafisa kuwa «Mnyika», kama Wamijikenda walivyoitwa wakati ule, ambaye kwao ni nyuma ya ukanda, hakuingia katika daftari hilo. Watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaoitwa maskwota leo wanalijua jambo hili bila kusoma utangulizi wowote.

Ripoti yenyewe niliipata baada ya siku 19, mbili kabla ya muda niliopewa. Kiini chake kilikuwa jedwali moja safi lenye safu 31, kila safu ikiwa ni hati au dai moja la Kisauni kati ya miaka ya 1890 na 1915, na katika kila safu mwaka, jina la mwenye dai, ukubwa kwa ekari pale ulipotajwa, aina ya hati na bei kwa rupia, sarafu iliyotumika huku hadi mwaka 1920. Kazi ya tarehe ilikuwa ya uangalifu wa hali ya juu. Mwaka wa Hijria 1313, kwa mfano, ulianza Juni 1895 na kwisha Juni 1896, na mtafsiri mvivu huandika mmojawapo akaendelea na safari yake. Wao waliandika miaka yote miwili, na pale mwezi ulipotajwa wakaweka mmoja tu na kueleza walivyoupata. Kwa mtu anayetaka kujua kama mauzo fulani yalifanyika kabla ya Himaya au baada yake, tofauti hiyo ya miezi michache ndiyo kila kitu.

Nililisoma jedwali lile jioni nzima, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Majina yote niliyajua. Zilikuwamo koo kubwa za Taifa Tisa, yaani Waswahili wa Mombasa, Waarabu wa mjini, wafanyabiashara wa Kihindi na misheni. Kwa mujibu wa jedwali hilo, ng'ambo yote ya Kisauni ilikuwa na watu 31, na takriban wote walilala kisiwani.

Nikarudi kule juu.

«Maalim,» nikamwambia, «hati zenyewe zimesema haya tu?»

«La, Mwalimu. Zimesema mengi. Kijana ameweka yale yanayoulizwa na wateja.»

«Na mipaka?»

«Mipaka ya zamani haina kazi tena, Mwalimu. Mwembe ulishakatwa, na jirani alishakufa. Wakili anataka namba ya ploti.»

Nilimwomba anifungulie hati moja, yoyote ile. Akaifungua ya mwaka 1316 wa Hijria, yaani 1898 au 1899, ambayo katika jedwali langu ilikuwa safu ya 12: mwanamke wa Mji wa Kale anamuuzia binamu yake shamba kwa rupia 120, ekari hazikutajwa. Kwenye kioo cha kompyuta ilionekana karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake ikiwa imekula maneno mawili matatu, wino umegeuka rangi ya chai, na chini kabisa majina ya mashahidi yamebanana kama watu kwenye mlango wa feri. Maalim aliupitisha mkono wake karibu na kioo bila kukigusa, kutoka kulia kwenda kushoto, akasoma taratibu. Upande wa kibla, shamba la fulani bin fulani. Upande wa suheli, njia wapitayo watu waendao kivukoni. Upande wa matlai, minazi ya fulani, huru wa fulani, na ardhi ni ya muuzaji. Upande wa maghribi, vijiji vya Wanyika, kisha mwitu.

Kwa wasomaji vijana, kibla ya Mombasa iko kaskazini, kwa hivyo hati za zamani huita kaskazini kibla. Suheli ni nyota ya kusini, matlai ni kunakochomoza jua, na maghribi kila mtu anaijua. Mistari minne hiyo ilinipa zaidi ya jedwali zima. Humo mna jirani mwenye shamba ambaye jina lake halimo katika safu yoyote kati ya zile 31. Mna njia ya miguu, na palipo na njia iliyozoeleka kiasi cha kuwekwa kuwa mpaka, pana watu wa kuipita kila siku. Mna mtu aliyekuwa mtumwa, sasa yu huru, ana minazi yake mwenyewe juu ya ardhi ya mwingine, na muuzaji mwenyewe analikiri jambo hilo mbele ya mashahidi. Na mna vijiji, kwa wingi, vya watu ambao miaka michache baadaye serikali ingesema kwao si hapo.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa juu ya huduma hii, na ningependa lieleweke sawasawa, kwa sababu si uzembe. Jedwali lao limetengenezwa kwa kufuata jicho la Mrekodi wa Hati, ambaye naye alitaka jina moja, namba moja na ukubwa mmoja. Mtu anayetafuta mirathi ya babu yake anatosheka na hayo. Anayetafuta jinsi nchi ilivyokaliwa hapo mwanzo anapaswa kuliruka jina la mwenye hati na kwenda moja kwa moja kwenye mipaka, kwa kuwa wasiokuwa na hati hawaonekani popote pengine ila kama jirani wa mtu, kivuli cha shamba la mtu, au mwenye miti juu ya udongo wa mtu.

Habari ya miti inastahili maneno zaidi, maana hapo ndipo karatasi ya kadhi na karatasi ya Mrekodi zinapoachana. Katika desturi ya pwani, udongo ni kitu kimoja na kilichopandwa au kujengwa juu yake ni kingine. Mtu aweza kumiliki minazi 40 asimiliki hata shubiri ya ardhi, na mpaka leo wenye nyumba wengi wa Majengo wanamiliki kuta na paa huku wakimlipa mwingine kodi ya kiwanja. Sheria ya mwaka 1908 iliijua desturi hiyo, lakini iliigeuza kichwa chini: hati ya umiliki ilihesabiwa kuwa ushahidi wa mwisho wa kumiliki ardhi pamoja na minazi, nyumba na majengo yaliyokuwa juu yake siku hiyo, isipokuwa pale ambapo kinyume chake kimeandikwa katika hati yenyewe. Yule huru wa mwaka 1316 alikuwa na minazi maadamu muuzaji alikiri. Kama mwaka 1912 hapakuwa na mtu wa kumwandikia maelezo pembeni mwa hati ya mwenye shamba, minazi yake iliondoka na kalamu ya karani, bila kukatwa hata kuti. Katika safu 31 zangu, dokezo la namna hiyo lilikuwamo katika tatu tu, na jedwali halikuonyesha hata moja. Niliyapata mwenyewe nilipodai picha za hati zenyewe, ambazo hazikuwa sehemu ya bei ya kwanza. Nililipa shilingi 2,000 zaidi, nikanung'unika, na sasa sijutii.

Kosa la pili lilikuwa la tafsiri, na ni zito kuliko linavyoonekana. Safu nne ziliandikwa «mauzo». Nilipozisoma picha zake pamoja na Maalim, hati mbili kati ya hizo hazikuwa mauzo ya kawaida bali bei ya hiyari: mtu mwenye shida ya pesa «anauza» shamba kwa rupia kadhaa, anabakiza haki ya kulikomboa kwa bei ileile ndani ya muda waliopatana, na wakati huohuo anaendelea kulikalia kwa kulipa kodi kila mwezi. Kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji, iliyovishwa nguo ya halali kwa sababu riba ni haramu. Kwa karani wa kikoloni ilikuwa rahisi kuiandika bei ya hiyari kuwa bei tu, yaani mauzo, na anayefuata daftari lake atasema kwamba mwaka fulani shamba lilihama kutoka kwa Mswahili kwenda kwa mkopeshaji, ilhali mwenye shamba hakuondoka na pengine alilikomboa. Maalim analijua jambo hili kuliko mimi. Aliposoma neno lenyewe tu alitabasamu. Lakini aliyejaza jedwali si yeye. Nilipomwonyesha kijana, alirekebisha safu zote mbili papo hapo na kunipa nakala mpya bila malipo, na kwa hilo nampa alama zake. Ushauri wangu kwao ni kwamba Maalim apitie kila jedwali kabla halijatoka mlangoni. Ni kazi ya nusu saa.

Upande wa kutafuta majina, wako vizuri sana, na hapa nilijifunza kitu. Aliyeketi nyumbani na kutafuta neno «Mijikenda» katika nyaraka za kabla ya miaka ya 1940 atatoka mikono mitupu, kwa kuwa jina hilo lilikuwa bado halijashika. Watu haohao wameandikwa «Wanyika» au «Nyika», jina lisilopendeza ila ndilo lililomo. Wagiriama wamo kama «Giryama», mkoa wa pwani wenyewe uliitwa Seyidie, na kituo cha Rabai kwa wamisionari wa mwanzo kilikuwa Kisuludini. Kijana ana daftari la maandishi ya mkono lenye tahajia za namna hii, kurasa nyingi, alilolijaza kwa miaka. Nilimwambia kwamba kama ofisi ingeungua, aokoe daftari hilo kwanza, kompyuta baadaye.

Ramani haikunifurahisha. Niliyopewa ilikuwa nakala ya nakala, na aliyeinakili alikata ukingo wa chini palipokuwa na kipimo, hivyo nilibaki na mchoro mzuri wa mkondo, mashamba na mawe ya mpaka nisioweza kuupima. Nililalamika, nikaletewa nyingine baada ya wiki moja, nzima. Sina zaidi la kusema hapo.

Pengo ambalo halirekebishiki kwa wiki moja ni la misheni. Huwezi kuandika habari za makazi ya mwanzo ya Kisauni ukaiacha Frere Town, ambayo kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Watu waliowekwa pale walitoka kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Uingereza, wakawakuta Waafrika waliolelewa Nasik, India, wakarudishwa huku. Walipewa viwanja, wakajenga, wakapanda. Baadaye vituo vya misheni, hasa Rabai, vilijaa watoro wa mashamba ya pwani, hadi George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyotawala pwani kabla ya Himaya, alipolazimika kuwalipa mabwana wao fidia na kugawa hati za uhuru siku ya kwanza ya mwaka 1889 kwa watu zaidi ya 1,400. Ugomvi ule wote ulikuwa wa watu, lakini ulikuwa wa ardhi vilevile, kwa sababu mtoro asiye na bwana lazima awe na mahali pa kulima. Habari zake nyingi zimo katika barua za wamisionari wenyewe, na barua za Church Missionary Society ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ofisi hii haina hata moja. Katika ripoti yangu Frere Town ilipata mstari mmoja wa jedwali, jina la misheni na ekari, kana kwamba eneo lile lilikuwa shamba tupu lenye mnara wa kengele.

Vivyo hivyo hawana ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Morris Carter, ingawa ushahidi huo ulichapishwa na hauhitaji safari ya ng'ambo kuupata. Ni kweli kwamba tume hiyo ilikuja baada ya mambo mengi kuharibika, na maneno ya mashahidi yamepita katika kinywa cha mkalimani na kalamu ya karani. Hata hivyo, ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu wa pwani asiye na hati anasikika akijieleza mwenyewe, badala ya kutajwa kama mpaka wa maghribi.

Baada ya yote hayo, mimi na wenzangu tulitandaza karatasi ya manila sebuleni kwangu, tukachora zile hati 31 kwa kufuata majirani zao: kibla ya huyu ni suheli ya yule, njia ya kivukoni ya hati moja tukaiunga na njia ya hati nyingine. Mke wangu alituhamisha mara mbili kwa sababu ya chakula. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa na majina na makundi 64, na zaidi ya nusu yao hayakuwa na hati. Si ushahidi kamili. Muuzaji alikuwa na sababu za kumtaja jirani mmoja na kumnyamazia mwingine, na neno «mwitu» katika hati laweza kuwa msitu kweli au konde la mtu lililopumzishwa misimu miwili. Pia mtu akitoweka katika mipaka ya mwaka 1910 haina maana kwamba alihama. Huenda aligeuzwa kuwa mpangaji palepale alipokuwa, chini ya mnazi wake mwenyewe. Lakini tulikuwa na nchi yenye watu, na tulipoipeleka kwa wazee wawili wa Kisauni, walianza kutusahihisha majina, jambo ambalo jedwali lisingeweza kulisababisha.

Kuhusu thamani ya pesa, inategemea uliyeingia pale ni nani. Mwenye kesi aelewe kwamba nakala za ofisi hii hazina muhuri wala nguvu mahakamani. Nakala iliyothibitishwa hutolewa na masjala ya ardhi, na huko ataenda tu, iwe na wao au bila wao. Mwanafunzi mwenye muda na intaneti aanze na Gazeti Rasmi, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni bila malipo, kisha aende Nairobi mwenyewe akayaone mafaili ya DC/MSA. Atatumia siku nyingi lakini atajua yaliyo kando ya anachokitafuta. Anayepaswa kupanda ngazi zile ni mtu mwenye karatasi ya nyumbani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambayo hakuna tena katika familia anayeweza kuisoma. Kwa huyo, saa moja na Maalim, kwa shilingi 1,500, ni rahisi kuliko samaki wa Ijumaa. Aje asubuhi, kwani baada ya adhuhuri kijana hubaki peke yake, na siku ya Ijumaa wanafunga saa tano na nusu.

Juzi nimelipa tena, safari hii kwa ajili ya Mtongwe, upande wa pili wa feri. Fomu ni ileile, visanduku vitatu. Chini yake nimeandika kwa wino, nikamwomba kijana aisome kwa sauti kabla sijatia saini: mipaka yote minne, neno kwa neno, na miti yote.